SOMO LA NYUMBA: Sakafu na Baraza za Zege Zisinywe Maji

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu, akiisha kupita Makutano, mara huona nchi imebadilika. Vilima hubaki nyuma, na mbele yake hutandazwa majaruba ya mpunga, maji yaking'aa juani kama kioo. Hapo katikati ndipo ulipo mji wa Wang'uru, ambao wengi huuita Ngurubani, katika Kaunti ya Kirinyaga.

Maji hayo ndiyo mali ya watu wa Mwea. Hushuka kutoka Mlima Kenya kwa mito ya Thiba na Nyamindi. Mifereji ya kwanza ya kuyagawa ilichimbwa katika miaka ya 1950, kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Na mwaka 2022 bwawa la Thiba lilifunguliwa ili mashamba yapate maji zaidi. Lakini maji yale yale yaletayo riziki shambani huleta hasara nyumbani yakipata njia ya kuingia. Mkulima wa mpunga huyaongoza maji kwa tuta na mlango wa mfereji. Hayaachi yaende yatakavyo. Basi mwenye nyumba naye yampasa kufanya vivyo hivyo kwa sakafu yake, baraza yake na uwanja wake wa zege.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini zege hunywa maji, ni hasara gani hutokea, na namna ya kuliziba lidumu. Si kazi ngumu. Lakini yataka utaratibu, kwa kuwa dawa iliyopakwa vibaya ni fedha iliyotupwa.

ZEGE NI KITU GANI?

Zege ni saruji, mchanga na kokoto vilivyochanganywa kwa maji. Watu wengi hudhani ya kwamba zege likikauka huwa kitu kimoja kizima kama jiwe, lisilo na nafasi ndani yake. Sivyo. Zege limejaa vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo vimeungana kama mishipa.

Asili yake ni hii. Saruji haikauki kama nguo ianikwavyo juani, bali huungana na maji na kugeuka kuwa kitu kipya kigumu. Kwa kazi hiyo saruji huhitaji maji kama robo tu ya uzito wake. Mfuko mmoja wa kilo 50, basi, hushika kama lita 12. Lakini fundi hawezi kufanya kazi kwa maji machache hivyo, maana zege halitajongea mbele ya mwiko. Hivyo huongeza mpaka lita 25 kwa mfuko, na hicho ni kiasi chema. Maji ya ziada hukaa kitambo, kisha hupanda juu na kwenda zake hewani. Pale yalipokuwa huacha tundu.

Sasa fikirini juu ya fundi mvivu amwagaye ndoo baada ya ndoo ili zege litiririke lenyewe. Akitia lita 35 au 40 kwa mfuko mmoja, kazi yake itakuwa nyepesi siku ile. Lakini vitundu vitazidi, nguvu itapungua, na sakafu itakunywa maji kama sifongo. Hakuna dawa ya dukani iwezayo kuponya kabisa zege lililozaliwa hivyo.

MAADUI WAWILI: MVUA NA UNYEVU WA CHINI

Wang'uru iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, nayo ina joto kuliko miji iliyo juu zaidi penye miteremko ya Mlima. Joto la mchana mara nyingi hufika nyuzi 28 au zaidi. Mvua ya mwaka mzima si kubwa mno, kwani ni chini kidogo ya milimita 1,000. Lakini haigawanyiki sawasawa. Huja kwa misimu miwili: mvua ya njahi, tangu Machi hata Mei, na mvua ya mwere, tangu Oktoba hata Desemba. Huja kwa kishindo, kisha hufuatwa na jua kali. Zege hulowa likavimba kidogo, tena hukauka na kujikunja. Jambo hili likirudiwa mwaka baada ya mwaka, nyufa ndogo hufunguka, uso huchunika, na maji hupata njia pana zaidi.

Tupige hesabu kidogo. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa mvua ya milimita 25 kwa alasiri moja, hukusanya lita 1,500 za maji. Nyumba isiyo na mifereji ya bati humwaga maji yote hayo kando ya msingi na juu ya ukingo wa baraza. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya lita 50,000. Kwa hiyo mwenye kutaka kuziba zege na aanze kwa kutazama juu, kwenye paa, kabla ya kuinama kutazama chini.

Adui wa pili hutoka ardhini. Sehemu kubwa ya Mwea ina udongo mweusi, ule unaopendwa na mpunga kwa kuwa hushika maji. Udongo huo ukilowa huvimba, na ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono wake ndani. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu. Tena unyevu wa udongo hupanda polepole ndani ya vitundu vya zege, kama mafuta yapandavyo utambini mwa taa. Mwenye nyumba huona madoa meusi sakafuni, ijapokuwa hakuna aliyemwaga maji. Pengine huona unga mweupe ukitokeza juu: hiyo ni chumvi iliyochukuliwa na maji kutoka ndani na kuachwa pale maji yalipokauka. Unga ule ni mjumbe. Husema ya kwamba maji yanapita.

KWA NINI TUSUMBUKE?

Yuko atakayesema, "Sakafu yangu ni mbaya, lakini nalala salama." Tumjibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni chakula. Watu wengi wa Mwea huweka magunia ya mpunga ndani ya nyumba, wakingoja bei iwe nzuri. Mpunga uliokaushwa vema, usiozidi unyevu wa asilimia 14, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Lakini gunia likisimama juu ya sakafu inayotoa unyevu, safu ya chini hunyonya, hupata joto, na ukungu huota. Kuna aina za ukungu ambazo hutoa sumu ndani ya nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Pishori iliyotunzwa miezi minne shambani kwa taabu yaweza kuharibika kwa wiki chache nyumbani. Kwa sababu hiyo magunia na yawekwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, hata kama sakafu ni njema.

La pili ni afya. Sakafu inayotoa vumbi na kuchimbika ni makao ya funza. Kiroboto huyu hakuwa wa Afrika. Aliletwa Angola kwa meli kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kuvuka bara hadi kwetu. Viluwiluwi wake hukua katika vumbi na mchanga mkavu. Juu ya uso mgumu, laini, unaofagiwa na kupigwa deki, hawapati mahali pa kukaa. Wenzetu wa Meksiko walianza mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila, mpango wa kuwapa maskini sakafu za saruji mahali pa sakafu za udongo. Wataalamu walipowapima watoto wa nyumba zile, waliona minyoo na kuhara vimepungua, na upungufu wa damu pia. Sakafu, basi, si pambo tu.

La tatu ni fedha. Tuseme mtu ana baraza ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 2, na unene wa sentimita 10. Ili kuivunja na kuimwaga upya atahitaji karibu mifuko 8 ya saruji, pamoja na mchanga, kokoto, maji, ujira wa fundi na wa vibarua, na gari la kuchukua kifusi. Ili kuiziba ikiwa bado nzima atahitaji dawa kama lita 5, brashi, na siku mbili za kazi yake mwenyewe. Kila mmoja aulize bei dukani, kisha apige hesabu yake.

KAZI YA KWANZA: ZEGE JEMA

Dawa ni nguo. Zege ndilo mwili. Kwa hiyo anayejenga sasa na azingatie mambo haya:

1. Udongo mweusi uondolewe mpaka ardhi ngumu ipatikane, na mahali pake pajazwe murramu au mawe yaliyoshindiliwa kwa tabaka. Mahali ambapo udongo huo ni wa kina kirefu, mtu asijenge kwa kubahatisha. Na atafute shauri la mhandisi.

2. Sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi.

3. Juu ya mawe na tabaka la vumbi la mawe pawekwe nailoni nene ya ujenzi, yenye unene wa robo ya milimita, kabla ya kumwaga zege. Vipande vyake vilaliane sentimita 30, na kandokando ipandishwe ukutani. Hiyo ndiyo ngao dhidi ya unyevu wa chini. Wengi huiacha kwa kuwa haionekani nyumba ikiisha kujengwa; lakini haiwezekani kuitia baadaye bila kuvunja.

4. Baraza na uwanja viwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea nje. Baraza ya upana wa mita 2, basi, ukingo wake wa nje uwe chini kwa sentimita 4. Maji yasiyotuama hayapati muda wa kuingia.

5. Zege la unene wa sentimita 10 likatwe viungo kila baada ya mita 2 na nusu hadi 3, kwa kina cha robo ya unene wake. Zege lazima lijikunje likauka. Afadhali lipasuke mahali tulipopanga sisi kuliko mahali lipendapo lenyewe.

6. Fundi asinyunyize saruji kavu juu ya zege ambalo bado maji yake yanapanda, ili kuyakausha upesi. Niru iliyofanywa hivyo huwa ganda jembamba, nalo hubanduka kama gamba. Na angoje maji yale yaende kwanza, ndipo apige mwiko wa chuma.

7. Zege linyweshwe maji siku saba kwa uchache. Katika jua la Wang'uru, zege la asubuhi laweza kukauka usoni kabla ya saa nane mchana, na kazi ya saruji hukoma pale maji yanapokwisha. Njia iliyo bora wakulima wetu waijua tangu zamani: zungusha ukingo mdogo wa udongo pande zote, ujaze maji ya kina cha vidole viwili, kama jaruba. Pasipowezekana, tandika magunia yaliyolowa na uyamwagilie asubuhi, mchana na jioni. Huu ndio utunzaji wa bei ndogo kuliko yote, na ndio upuuzwao kuliko yote.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Zege jipya lisipakwe dawa kabla ya siku 28 kwisha, isipokuwa karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe yaruhusu. Na zege la zamani lipimwe kwanza. Vipimo ni vitatu, navyo havihitaji chombo chochote cha thamani.

Kipimo cha tone. Mwaga matone machache ya maji mahali palipo safi. Yakinywewa kwa dakika chache na kuacha doa jeusi, vitundu viko wazi, nalo zege litapokea dawa. Yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, basi kuna nta, mafuta au dawa ya zamani. Ni lazima iondolewe kwanza.

Kipimo cha msumari. Kwaruza kwa msumari. Ukipata vumbi jingi, uso ni dhaifu, nao wahitaji kuimarishwa au kupigwa msasa kabla ya jambo jingine.

Kipimo cha nailoni. Kata kipande cha nailoni inayopitisha nuru, sentimita 45 kila upande, ukibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na mwanya. Kiache usiku mzima, yaani saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Mahali kama hapo usipake utando wowote usiopitisha hewa. Unyevu utausukuma kutoka chini, utatokeza malengelenge, na baada ya msimu mmoja utabanduka vipande vipande. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema ya kwamba dawa za zege ni udanganyifu. Dawa haikuwa mbaya, mahali hapakupimwa.

AINA ZA DAWA

Madukani kuna majina mengi na mikebe ya rangi nyingi, lakini ndani yake kuna jamii chache tu. Mnunuzi na asome maandishi ya mkebe, asitazame picha.

Ya kwanza ni dawa ya kupenya, iliyotengenezwa kwa sileni au siloksani. Huingia ndani milimita chache na kuvika kuta za vitundu, maji yasipate kushika. Haibadilishi rangi ya zege wala haifanyi utelezi, na mvuke ulio ndani huweza kutoka. Hii ndiyo ifaayo kwa baraza, ngazi, uwanja wa kuanikia mpunga na kuta za nje, nayo hudumu miaka kadhaa. Lakini haizuii maji yanayosukumwa kwa nguvu, wala haizibi ufa.

Ya pili ni dawa ya kukomaza, yaani ya silikati. Hukutana na chokaa iliyobaki ndani ya zege, nayo hugeuka kitu kigumu kijazacho vitundu. Hukomesha vumbi na kuufanya uso uwe mgumu. Yafaa sakafu za ndani na za ghala. Peke yake haitoshi kwa mahali panyeshewapo mvua.

Ya tatu ni utando wa akriliki. Hukaa juu kama ngozi nyembamba, huleta mng'ao, na bei yake ni ya kadiri. Jua na miguu huuchakaza, kwa hiyo hupakwa upya baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ukilowa huteleza, kwa ajili ya wazee na watoto, chembe za mchanga safi na zichanganywe katika mkono wa mwisho.

Ya nne ni utando wa epoksi, unaochanganywa kwa sehemu mbili. Ni mgumu sana, huvumilia mafuta na sabuni, nao wafaa jikoni au gereji. Lakini jua huugeuza rangi ya manjano, na unyevu wa chini huubandua. Si wa baraza.

Ya tano ni ile waliyoizoea mama zetu: rangi nyekundu ya sakafu inayong'arishwa kwa nta. Ni njema kwa chumba kikavu, tena hupendeza macho. Lakini nta hutaka kurudiwa mara kwa mara, nayo ikilowa ni hatari kwa mwendo. Na akumbuke atakayetaka kubadili baadaye ya kwamba nta yote itabidi iondolewe, maana hakuna dawa inayoshika juu yake.

Hapa ni lazima tuonye juu ya oili chafu ya magari. Wako waimwagao sakafuni wakisema huzuia maji na mchwa. Oili hiyo ina takataka zenye madhara kwa ngozi na kwa pumzi; mvua huichukua mpaka kwenye mifereji ya mashamba; na zege lililoinywa halitapokea dawa nyingine. Isitumiwe kabisa.

NAMNA YA KUPAKA

Wakati mwema ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, mvua zikiwa mbali. Zege liwe limekauka siku mbili au tatu tangu kuoshwa, na pasiwe na dalili ya mvua kwa saa 24 zijazo.

Kusafisha ni nusu ya kazi. Fagia, kisha sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Mahali penye mafuta pasuguliwe zaidi. Mahali penye ukoga wa kijani, hasa upande usiopata jua, pakaa dawa ya klorini iliyopunguzwa kwa maji, ngoja kidogo, suuza sana. Angalia: klorini isichanganywe kamwe na asidi, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu iwezayo kuua ndani ya chumba kilichofungwa.

Usipake wakati wa jua la utosi. Zege lililochomwa na jua huwa na joto kuliko hewa. Dawa hukauka kabla ya kupenya, na utando hutoa mapovu. Anza asubuhi umande ukiisha kukauka, au ngoja baada ya saa kumi jioni, kivuli kikiwa kimeifikia baraza. Weka mkono wako juu ya zege. Usipoweza kuuacha hapo, zege ni moto mno.

Jaribu kwanza kipande kidogo pembeni. Kisha anzia pembe ya ndani ukielekea mlangoni, usije ukajifungia. Dawa ya kupenya huwekwa mpaka zege lishibe, na mkono wa pili hufuata kabla wa kwanza haujakauka, madimbwi yafutwe. Utando wa akriliki huwekwa mwembamba, na mkono wa pili hungoja wa kwanza ukauke kama mkebe unavyoagiza. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Bomba la kunyunyizia laweza kutumika, lakini lisiwe lile lililotumika kwa dawa ya wadudu shambani.

Vaa glavu na kitambaa cha pua, fungua madirisha, zima moto na sigara, na uwaweke watoto mbali. Miguu isipite kwa saa 24.

NYUFA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, uliza ufa umetoka wapi. Andika kwa penseli tarehe kwenye ncha zake mbili, na mstari mfupi ukikatisha katikati yake. Tazama tena baada ya mvua na baada ya kiangazi. Ufa usiosogea ulitokana na zege kujikunja. Usafishwe na kujazwa. Ufa unaorefuka, au ambao pande zake zimepishana, moja juu na nyingine chini, watoka katika udongo mweusi unaotembea. Ukiuziba kwa saruji utapasuka tena pale pale. Huo hujazwa kwa gundi ya ujenzi inayonyumbuka kama mpira. Na zaidi ya hayo sababu yenyewe itafutwe: mfereji wa bati uliotoboka, maji ya kuogea yanayomwagwa kando ya msingi, au mti mkubwa unaonyonya maji karibu na ukuta. Ufa unaopanda ukutani na kuzidi kupanuka ni kazi ya mhandisi, si ya mkebe wa dawa.

MWISHO

Kazi ikiisha, haijaisha. Kila mwaka, kabla ya mvua ya njahi, rudia kipimo cha tone mahali penye kukanyagwa sana. Matone yakisimama, acha. Yakinywewa, paka tena. Safisha mifereji ya paa, tazama viungo, ondoa udongo uliokusanyika kandokando ya baraza.

Mkulima wa Mwea haoni haya kuzunguka tuta la jaruba lake alfajiri, akitafuta tundu la panya lipitishalo maji. Ajua ya kwamba tundu la kidole usiku mmoja laweza kukausha shamba zima. Na azunguke vivyo hivyo nyumba yake. Maji ni yale yale. Tofauti ni kwamba huku twayataka yakae, na kule twayataka yaende zake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mfuko wa saruji wa kilo 50 wahitaji maji kiasi gani, na yakizidi huleta dhara gani?
2. Unga mweupe juu ya sakafu watuambia nini?
3. Kwa nini utando usiopitisha hewa haufai mahali ambapo kipimo cha nailoni kimeonyesha unyevu?
4. Ni dawa ya jamii gani ifaayo uwanja wa kuanikia mpunga, na kwa sababu gani?
5. Utajuaje kama ufa ulio nyumbani kwako umetulia au bado unatembea?